Filmu ya Mkono

Tulipomaliza kumwosha Mama, mtu mmoja alimwaga kresili, ile dawa ya kusafishia hospitali, kwenye sakafu ya chumba, na harufu yake ikanifikia kabla sijajua ni nini. Nilitoka nje haraka. Wanawake wa matanga walidhani nimezidiwa na kilio, wakaniletea kiti cha plastiki na glasi ya maji. Hawakukosea sana, ila kilichonizidi hakikuwa kilio. Ilikuwa hasira, na hasira hiyo nimekaa nayo tangu nikiwa na miaka tisa.

Aliyeichochea zaidi ni Esther. Esther ni binti wa mdogo wangu, anasomea uuguzi katika hospitali kubwa ya serikali ya mji wetu, ile ambayo karibu kila munganga, yaani daktari, wa huku amepitia mikononi mwake, ile ambayo wakubwa wakija kuhutubia hukosa maneno ya kuisifia. Alikuwa pamoja nasi tukimwosha bibi yake. Alipofika kwenye mguu wa kulia, ule mfupi, uliopinda chini ya goti, alisimama na kitambaa mkononi, akaupapasa mfupa kwa vidole viwili kama walivyomfundisha. Baadaye alinifuata nje, akachuchumaa kando ya kiti changu, akaniambia kwamba shuleni kwao kuna filmu ya zamani, picha ya eksirei ya mfupa uliovunjika namna ile ile. Wanaiita filmu ya mkono. Kila mwaka mwalimu huwaonyesha wanafunzi wapya, kwa sababu chini ya mfupa kuna vidole vitano vya mtoto vimeshika kifundo cha mguu, na swali lake ni moja tu: kosa liko wapi?

"Na jibu njo nini?" nilimuuliza.

"Jibu njo mukono, Tantine. Mukono ya garde-malade haina kazi mu filmu. Siku ile tunachekaka sana."

Garde-malade ni ndugu anayemtunza mgonjwa hospitalini, na mkono huo ni wangu. Sikumwambia pale pale, kwa sababu watu walikuwa wanaingia na majani ya chai na magunia ya makala, yaani mkaa, na matanga si mahali pa kumgombeza mtoto wa watu. Lakini nilikaa kwenye kile kiti nikiutazama mkono wenyewe, umejaa mikunjo sasa, na nikaona kwamba kwa miaka yote hiyo wamekuwa wakinicheka darasani bila mimi kujua.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Goma ya wakati ule. Barabara ya Rutshuru ilikuwa inatapika watu. Walikuja na magodoro kichwani, na mbuzi, na masufuria yenye maharage ambayo hayakuwahi kuiva, na wazee waliobebwa mgongoni kama watoto. Papa alikuwa amekwenda Bunagana kuchukua mafuta ya kupikia na sabuni, biashara yake ya siku zote, na vita vikakata njia nyuma yake. Hatukuwa na habari zake. Basi kila alasiri Mama alimwacha mdogo wangu kwa jirani pale Katoyi, akanishika mkono, tukatembea mpaka kando ya barabara ile kuwatazama wanaoingia. Aliuliza kila aliyeonekana ametoka upande wa mpakani: mwanaume mrefu, kofia ya bluu, hamukumuona? Wengine walimjibu kwa upole, wengine walipita tu, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kutafuta.

Mtoto hufikiri kwamba akikitaka kitu sana, kitakuja. Nilitazama mpaka macho yakauma. Siku ya tatu nikaiona kofia ya bluu, ng'ambo ya barabara, inaelea juu ya vichwa vya watu.

"Mama, ule njo Papa," nikasema.

Mama hakungoja kuhakikisha. Aliuachia mkono wangu akavuka. Chukudu ilikuwa inateremka mlima. Mgeni asiyezijua chukudu zetu afikirie pikipiki ya mbao, kubwa, ya magurudumu mawili, isiyo na mota, ambayo hubeba mzigo wa kulaza ng'ombe na breki yake ni kipande cha tairi unachokikandamiza kwa mguu. Hii ilikuwa na magunia manne ya maharage, na juu ya magunia ameketi bikizee. Kile kipande cha tairi kiliteleza. Mwenye chukudu alipiga kelele, lakini Mama alikuwa ameelekeza uso na masikio kwenye ile kofia, na chukudu ikamgonga mguu wa kulia. Kofia haikuwa ya Papa. Alikuwa kijana fulani tu, mwenye kofia kama yake.

Mwenye chukudu naye alikuwa anakimbia vita, ametoka Masisi. Alimwaga magunia yake palepale kando ya barabara, akamketisha mama yake, yule bikizee, juu yake, akamlaza mama yangu kwenye mbao na kumsukuma mpaka hospitali, analia kuliko mgonjwa mwenyewe. Mimi nilikimbia nyuma nimebeba kiatu cha Mama. Jina la mwenye chukudu sikulijua. Ila nataka iandikwe mahali kwamba ni yeye tu, katika watu wote walioushika mguu ule, aliyemwomba Mama msamaha.

Sasa nije kwenye hospitali. Mlinzi wa lango, muzee mwenye koti la kaki lililopauka, alikuwa anawasimulia waliopanga foleni kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga. Kwamba hapo mwanzo ilikuwa zahanati tu, ya wakati wa wazungu, wao wana varanda yao na sisi tunapita mlango wa nyuma. Kwamba jumba liliongezwa juu ya jumba, wazazi huku, watoto kule, upasuaji pale, maabara, duka la dawa, mpaka siku wakaja wanafunzi na makoti meupe, na hospitali ikawa shule pia. Alilisema neno shule kama mtu anayetaja kanisa. Nami nilimwamini kabisa. Nilidhani mahali wanapofundishwa waganga ndipo pasipoweza kushindwa na mgonjwa.

Wakati ule ua wote ulikuwa mahema. Ndani, vitanda vilibeba wawili wawili, na varanda zilikuwa na watu sakafuni mpaka mlangoni pa choo. Waliopigwa risasi walipita kwanza, na kwa hilo sina neno. Wala sina neno na wauguzi. Nilimwona mmoja analala amesimama, ameegemea ukuta, sindano mkononi, na mishahara walikuwa wameisahau inafananaje. Hasira yangu najua mahali pa kuipeleka, sitaimwaga ovyo.

Hospitali ile ilikuwa na idara zote isipokuwa ya kumtunza mgonjwa. Hiyo ilikuwa kazi ya garde-malade, yaani ndugu unayekuja naye. Garde-malade ndiye anayeleta shuka, beseni, makala, bugali na mboga. Ndiye anayemgeuza mgonjwa, anayemwosha, anayemwaga choo, anayefua bandeji na kuzianika kwenye uzio. Muuguzi alipomaliza kuandika jina la Mama alitazama nyuma yangu, kulia na kushoto, akitafuta mtu mzima. Mama alinionyesha mimi kwa kidevu. Ndugu zake wote walikuwa Butembo, ng'ambo ya mapigano. Muuguzi alihema, akaandika.

Nisingeweza peke yangu. Aliyenifundisha ni mgonjwa wa kitanda cha pili, Mama Bahati, mwanamke wa Masisi aliyekuwa na kidonda cha tumboni na ulimi usiougua. Kutoka kitandani kwake alinielekeza namna ya kuegesha sufuria juu ya mawe ya lava kwenye banda la kupikia, namna ya kuacha bidoni kwenye foleni ya bomba ili ikushikie nafasi, namna ya kumnyanyua mama yangu bila kuuchokoza mguu. Kila kitu cha hospitali alikuwa na maelezo yake. Kesho yake walipokuja kusema Mama anapelekwa kupitisha radio, yaani kupigwa picha ya mifupa, nilimuuliza mashine ile inafanya nini. Akanijibu kwamba inaonyesha kinachomuumiza mtu. Mwilini huwezi kukificha, mashine itakiona tu.

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido. Fundi wake alikuwa mwanaume mnene, mwenye macho mekundu ya uchovu, na msaidizi wake alikuwa amekimbia na familia yake. Ukutani, kwenye msumari, kulikuwa na aproni nene nyeusi, nzito kama ngozi ya nyati. Mguu wa Mama ulikuwa unatetemeka wenyewe kwa maumivu na haukutaka kutulia. Fundi alijaribu mara mbili akashindwa. Kisha akanitazama.

"We njo garde-malade? Kuya hapa. Kamata muguu ya mama, ukaze. Usitikisike."

Nikakamata. Yeye akatoka, akaenda nyuma ya ukuta, akafunga mlango. Nakumbuka niliona ni adabu: Mama alikuwa amefunuliwa mapaja, na mwanaume wa heshima humwachia mwanamke faragha. Nilimheshimu kwa kuufunga ule mlango. Ilinichukua miaka mingi, mpaka niliposoma, kuelewa kwamba alikuwa anajikinga na mionzi ya mashine, na kwamba ile aproni ya kuizuia ilibaki kwenye msumari nami nimesimama hatua mbili kutoka pale.

Filmu ilipotoka walianika mbichi dirishani, imebanwa kwa kibanio kama nguo. Nilisogea kuangalia kinachomuumiza Mama. Niliuona mfupa mweupe, umekatika, ncha moja imepanda juu ya nyingine. Na chini yake niliona mkono. Mkono mdogo, wa mifupa mitupu, umeukamata mguu wa Mama na haumwachii.

Nani alisema yule ndiye Papa? Nani alimfanya avuke? Mimi nilikuwa sijamwambia mtu, wala Mama hakuwa amelitaja, lakini mashine ilikuwa imeona. Nilirudi wodini, nikaificha mikono yangu ndani ya gauni, na tangu hapo kila aliyenitazama vidole nilihisi anajua.

Kisha wakaanza kuja. Kila asubuhi profesa alizunguka wodi na wanafunzi wake, labda kumi na watano, makoti meupe yamepigwa pasi, viatu safi katika mji ambao vumbi lake ni jeusi. Profesa alikuwa mtu wa sauti nzuri. Aliishika filmu akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akazungumza Kifaransa kirefu, na kalamu yake ikatembea juu ya mfupa. Halafu akasema kwa wanafunzi kwamba wagonjwa kama huyu hawapatikani mara nyingi, très beau cas, kisa kizuri sana. Neno beau nililijua, mwalimu wangu aliliandika kwenye daftari yangu nilipochora vizuri. Mama akanivuta aniambie wanasemaje.

"Banasema muguu yako ni muzuri," nikamwambia.

Mama alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu barabarani, na sauti ya kicheko chake iliwafanya wanafunzi wawili wamtazame usoni, mara moja, halafu wakarudi kwenye mguu.

Maana usoni hawakumtazama. Hili ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo. Kwetu huingii hata banda la kuku la mtu bila kusalimia. Mama, amelala, jasho linamtoka, alikuwa anawasalimia kila asubuhi: jambo yenu. Watu kumi na watano na mwalimu wao, na hakuna aliyeitika. Waliifunua shuka. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliuminya mguu ili wasikie mfupa unavyosagana ndani, kwa sababu profesa alisema sauti ile lazima waijue kwa vidole vyao. Mama alijaza kitenge mdomoni. Wa mwisho alipomaliza, profesa aliuliza swali, mmoja akakosea jibu, na akaambiwa auminye tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao walikuwa hawajalala hata kimoja.

Mama Bahati aliwaangalia wakienda, akageuza kichwa kwenye mto.

"Banasoma," alisema. "Ila banasoma juu yako, Mama Masika, kama daftari."

Na katikati ya yote hayo, kila asubuhi, ilifika ile dakika yangu. Kalamu ya profesa ilishuka mpaka chini ya filmu, ikagonga mkono. La main, alisema. Hilo nalo nililijua. Alisema neno lingine nisilolijua na wanafunzi wakacheka, wakaandika. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya beseni. Nilijua kabisa wanaandika nini: kwamba mwenye kuvunja mguu huu ni mtoto wake, na ushahidi ni huu.

Siku zilikwenda. Kisha yule muuguzi wa kulala amesimama alikuja kwa mwendo wa haraka, akainama karibu na sikio la Mama, na kwa mara ya kwanza mtu alitueleza jambo kwa Kiswahili. Ndani ya ua, kwenye hema kubwa jeupe, wamekuja waganga wa kutoka ng'ambo wanaounga mifupa kwa vyuma. Mguu wa Mama wangeweza kuunyoosha ukawa kama zamani. Watabaki mpaka Ijumaa tu, maana mapigano yanasogea. Lakini hawamwandiki mtu asiye na filmu, na filmu mpya haiwezekani kupigwa, zimekwisha stoo na barabara imefungwa. Ile ya zamani iko wapi?

Profesa alikuwa ameichukua kwenda kufundishia.

Muuguzi alikuwa na wagonjwa sitini nyuma yake. Akaniambia nikimbie ukumbi wa masomo, nyuma ya jengo la wazazi, niiombe. Ilikuwa Jumatano. Njiani nilijifunza sentensi yangu kwa Kifaransa cha darasa la tatu, nikairudia kwa kila hatua: Monsieur, maman demande le film, yaani Bwana, mama anaomba filmu. Nilikuwa naiweza. Nataka mjue hivyo, kwamba nilikuwa naiweza vizuri.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani walikuwa wameshusha mapazia, na mbele, kwenye sanduku la taa, filmu yetu ilikuwa inang'aa. Wodini nilikuwa nimeiona kwa mwanga wa dirisha wenye vumbi. Hapa mkono ulionekana kila kifundo, kila kidole, kana kwamba umewashwa kwa ndani. Profesa aliugonga kwa fimbo. Ukumbi mzima ukacheka. Ukumbi, si kumi na watano. Sentensi yangu ikaniponyoka yote.

Mwanafunzi aliyekaa karibu na mlango aligeuka.

"Mutoto, unatafuta nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

"Basi enda. Hapa tunasoma."

Akausukuma mlango ukafungika. Nilikaa nyuma ya jengo la wazazi mpaka machozi yakauka, nikarudi, nikamwambia Mama sikuwaona. Alinipa mkate wake.

Alhamisi muuguzi alikwenda mwenyewe. Profesa alikuwa ameshavuka mpaka na familia yake, kama wengi wenye uwezo wa kuvuka, na filmu ilikuwa kwenye kabati lake, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake. Muuguzi aliomba wavunje kufuli. Akaambiwa ni mali ya masomo, haivunjwi. Ijumaa kabla ya saa sita hema jeupe lilikunjwa, wale waganga wakapanda magari yao. Mama aliyaona kutoka dirishani. Wa hospitali walimfunga plasta juu ya mfupa uliopanda mwenzake, na hivyo ndivyo ulivyoshikana.

Papa alirudi akiwa amezunguka kwa njia ya Uganda, mzima, na kofia yake kichwani. Aliuliza ilikuwaje. Mama alijibu neno moja, chukudu, na mimi niliificha mikono ndani ya gauni.

Mama alikuwa mchuuzi wa kusimama. Alikuwa anashindana na magari asubuhi kuwahi viazi vinavyotoka Masisi, anabeba gunia kichwani anaongea na huku anahesabu. Baada ya hospitali alikuwa mama wa kukaa mlangoni na ndoo mbili, moja ya makala, moja ya sambaza, dagaa wa ziwani. Watoto wa mtaa walimwiga anavyotembea. Misa ya kwanza hakuifika tena, ile ya pili alifika ikiwa kwenye mahubiri. Volkano ilipomwaga moto mjini na kila mtu akakimbia na miguu yake, Mama alisukumwa kwa mkokoteni, analia kwa aibu kuliko hofu. Mwenye mguu mzima hawezi kujua mguu mmoja unabeba maisha kiasi gani.

Nami nilinyamaza. Niliolewa, nikazaa, nikawa mwalimu wa watoto wa miaka tisa, na kila mwaka niliwatazama walivyo wadogo nikashangaa. Mwaka jana tu, tunapukuchua maharage barazani, nilimwambia. Nilimwambia habari ya kofia ya bluu, ya mkono, ya mlango uliokuwa wazi nusu. Nilisema yote bila kumwangalia. Mama alimaliza kwanza maharage yaliyokuwa mkononi mwake.

"Masika," alisema, "mu ile nyumba batu makumi ine baligusa muguu yangu. Mukono yenye ilinikamata ilikuwa moja tu."

Akachukua ganda lingine. Hakulizungumza tena, na miezi michache baadaye tukamwosha.

Basi matanga yalipoinuka nilimwambia Esther anipeleke shuleni kwake. Nilivaa kitenge changu cha kazini, nikachukua mfuko wa kitambaa, kwa sababu nilikuwa nimekusudia kurudi na ile filmu, waitake wasiitake. Mwalimu wao alikuwa mwanaume mpole, kijana kwangu, aliyeirithi filmu kwa walimu waliomtangulia kama mtu anavyorithi kabati na vilivyomo. Esther alikuwa amemweleza. Alinipa pole ya msiba, akaniingiza mbele ya wanafunzi wake. Nilisema jambo yenu. Waliitika wachache, wengine walikuwa kwenye simu.

Akawasha taa. Miaka haikuipunguza kitu. Chini yake kulikuwa na kadi ya mashine ya kuandikia, imegeuka rangi ya chai: mwanamke, mtu mzima, mfupa wa mguu wa kulia. Kosa: mkono wa garde-malade. Jina halikuwemo.

Niliuweka mkono wangu wa kulia juu ya ule wa kwenye filmu. Haukutosha tena, vidole vyangu viliufunika wote. Nikawaambia ni wangu. Simu zikashuka.

"Munajibuka vibaya," niliwaambia, na hasira yangu sikuificha. "Kosa haiko mu filmu. Kosa ilikuwa nyuma ya ukuta, ilifunga mulango. Iliacha aproni ku musumari. Halafu ikafungia filmu mu kabati, mama yangu anaingojea. Mumeangalia mukono miaka yote hii, hakuna mwenye aliuliza mutoto alikuwa anafanya nini pale."

Mwalimu alishukuru kwa maneno hayo muhimu. Aliyasema vizuri, kwa haraka, kama mtu anayefunga kikao, na akaitazama saa. Nilikwisha kuizima taa na kuitoa filmu. Nilikuwa naiingiza kwenye mfuko, na hakunizuia, pale msichana wa nyuma kabisa, mwembamba, aliyesuka nywele upande mmoja, aliponyanyua kidole.

"Mama," aliuliza, "na ule muguu, uliponaka?"

Nilisimama na filmu mkononi. Watu wangapi walikuwa wameuminya mguu ule, wakauchora, wakafaulu mitihani kwa ajili yake, na hili swali nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye mdomo wa mtoto ambaye hakuwa amezaliwa ulipovunjika. Niliirudisha filmu kwenye sanduku, nikawasha taa mwenyewe, nikavuta kiti.

"Haukupona," nilimwambia. "Nitakuelezea yote. Ila mbele ya yote mukamate kalamu, muandike jina ya mama yangu pale chini. Anaitwa Katungu Feliciana."